Saa ya Kupangusa Majani

Mimi si mtu wa maua. Naliweka hilo wazi mapema ili mtu asinipe sifa nisizostahili. Mimi ni fundi wa kushona, nina cherehani yangu kwenye baraza la nyumba ya mama hapa Baraka, na kwa miaka mingi maua kwangu yalikuwa ni yale yaliyochapwa kwenye kitenge. Hayo niliyajali sana, kwa sababu mteja akikuta umeshona ua moja likitazama juu na jingine likitazama chini, atakusema mpaka sokoni.

Mwenye wazimu wa maua ya kweli alikuwa mama. Aliuza samaki wa ziwani, dagaa tunaowaita ndagala na mikebuka ya chumvi, na siku ambazo ziwa halikutoa kitu alipanda kwenda kwenye shamba lake la mihogo upande wa barabara ya Fizi. Huko juu watu hukata miti kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia. Mti ukianguka, unaanguka na kila kilichokuwa kikiishi juu yake, na mojawapo ni mimea ile yenye mizizi minene ya kijivu inayoshika gome bila kugusa udongo. Kwa Kiswahili cha vitabu inaitwa okidi. Mama aliiita maua ya juu, basi. Wachoma makala waliichoma pamoja na matawi. Mama aliiokota, akaiweka juu ya kapu la mihogo, akateremka nayo kwa miguu hadi nyumbani.

Majirani walimcheka. Nakumbuka mama mmoja wa nyumba ya pili akisimama kwenye lango na mkono kiunoni.

“Hii majani yako, iko ya kupika?”

“Iko ya kuangalia,” mama alimjibu.

“Kuangalia! Tutashiba?”

“Na kioo yako unaangaliaka kila asubuhi, inakushibisha?”

Ndivyo alivyokuwa mama yangu. Hakuwahi kukosa jibu. Aliifunga mimea yake kwenye shina la mti wa avoka, yaani mparachichi, kwa vipande vya kitenge alivyovichomoa kwenye mabaki yangu bila kuomba ruhusa, na mingine akaifunga kwenye mbao za mtumbwi mkuukuu, akazitundika kwenye ukuta wa nje. Baadhi ilitoa maua ya njano yenye madoa ya kahawia. Mingine ilitoa maua meupe yenye mkia mrefu nyuma, ambayo mchana hayanukii kitu, lakini jua likishuka yanajaza harufu uwanja mzima hata ndagala zilizoanikwa zinapoteza sauti.

Kisha mama akaanza kusahau.

Sitasimulia yote, maana kila mwenye mzazi wa namna hiyo anayajua, na asiyejua Mungu amwache hivyo hivyo. Kwanza tulicheka. Alitia chumvi kwenye chai, tukacheka. Alikwenda sokoni kununua chumvi akarudi na sufuria ya jirani, tukacheka na kurudisha sufuria. Halafu akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na hapo kicheko kikapungua. Mwishowe, asubuhi moja, alitoka chumbani akiwa amejifunga kitenge vizuri, akanikuta nimeinama kwenye cherehani, akanisalimia kwa heshima kama anavyosalimiwa mgeni.

“Jambo, mama ya mashine. Umeamukaje?”

Nilidhani ananitania. Nikamjibu kwa utani, nikamwambia mashine imeamka vizuri, imekosa uji tu. Akacheka kwa adabu, akaniletea kiti kizuri kutoka ndani, akaniambia nisione haya, hapa ni kwangu pia. Ndipo nilipoelewa. Mama alidhani mimi ni fundi niliyeomba nafasi kwenye baraza lake. Nilishona siku nzima bila kuona sindano vizuri. Nililia, naona hakuna sababu ya kuficha. Mtoto kusahauliwa na mama yake, hata awe na mvi kama mimi, ni kama kutolewa nje ya nyumba mvua ikinyesha.

Toka siku hiyo nilikuwa mama ya mashine. Alinipenda sana, huyo mama ya mashine. Alimwekea chakula, alimuuliza kama watoto wake wazima, alimsifu mikono. Na kila siku, kabla ya chakula, aliniuliza kama sijamwona mtoto wake wa mwisho. Mtoto wake wa mwisho ni mimi.

Wadudu waliingia mwishoni mwa kiangazi. Niliona majani ya maua ya juu yamekuwa na utelezi wenye kunata, kisha juu ya utelezi huo pakaota weusi kama masizi ya sufuria, na sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina la avoka kwa mstari. Nikasema moyoni, basi, na haya yanakwenda. Nilimwambia mama kwa sababu tu hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

“Mama, maua yako imepata ugonjwa.”

Aliinuka kwenye mkeka, akaja polepole. Alishika jani kwa vidole viwili, akaligeuza. Chini ya jani, penye mshipa wa katikati, kulikuwa na vitu vyeupe kama unga uliomwagika. Akavitazama. Kisha akazungumza, na sauti ilikuwa ile ya zamani, ya sokoni, sauti ya mtu anayekataa kupunjwa.

“Aa! Ni badudu ya unga, sawa ile ya mihogo. Na hii basisimizi ndiyo inabachunga, juu ya kulamba ile sukari yabo. Unasimama hivyo sababu gani? Leta sabuni, mutoto wangu ya mwisho. Leta na kitambaa.”

Sikutembea kwenda jikoni, nilikimbia. Nilijikwaa kwenye kinu, nikaumia kidole cha mguu, na sikusikia maumivu mpaka mchana.

Sabuni ya mama ni ile ya mawese, inayopikwa hapa hapa kwa mafuta na soda. Ikiwa mpya ni kali, inachuna mikono ya mfuaji, kwa hiyo huachwa juani ikauke mpaka ukali uishe. Namna ya kujua kama imepoa ni kuigusa kwa ncha ya ulimi. Ikikuuma, bado. Sisi watoto wote wa nyumba ile tulilelewa hivyo, kila kipande cha sabuni kilipita kwenye ndimi zetu kabla ya kugusa nguo ya mtoto mchanga. Mama aligusa kile nilicholeta, akatikisa kichwa kuridhika, akakiyeyusha kidogo sana kwenye beseni la maji mpaka maji yakawa na ukungu tu.

Halafu akanifundisha, kana kwamba nilikuwa na miaka saba. Alianza na yale maganda makavu yanayofunika sehemu ya chini ya mmea, akayavua moja moja, kwa sababu huko ndiko wadudu wanakojificha na kuzaa wakati wewe unahangaika na majani. Jani moja lilikuwa limeliwa sana, akalikata na kulipeleka kwenye moto wa jikoni yeye mwenyewe. Mmea ulioumia kuliko wote aliutoa ukutani, akautundika mbali na wenzake. Majani mengine tuliyapangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, juu na chini, na penye kona tukaingiza mswaki mzee. Nilipotaka kumwaga maji katikati ya mmea alinipiga kofi la mkono.

“Hapana pale kwa moyo! Maji ikilala pale, inaoza. We unasikiaka?”

“Ninasikia, mama.”

“Haukusikiaka hata siku moja. Toka utoto.”

Nilitamani kofi jingine.

Kwa sisimizi alifunga kitambaa kwenye shina la avoka, chini kidogo ya mimea, akakipaka mawese yaliyochanganywa na majivu ili wasiweze kupita. Wadudu wa unga wakikosa walinzi wao, alisema, wale wanaowala wanapata nafasi ya kuja. Akanionyesha buibui kwenye kona ya ubao, na kadudu kenye mgongo mwekundu na madoa meusi, na mjusi wa ukutani ambaye mimi nilikuwa namfukuza kwa ufagio. Nilimuuliza kwa nini tusipulizie dawa tu, ile wanayopulizia watu wa mashamba. Alinitazama kama nimesema tumwage sumu kwenye uji.

“Na huyu mujusi, yeye alikukosea nini? Na nyuki? Na kuku yangu inayolalaka hapa chini? Ile dawa itashuka kwa mboga yetu ya lengalenga, mvua itaibeba mpaka kwa ziwa, halafu mi mwenyewe nitakuuzia samaki yake. Akili yako iko wapi?”

Baada ya kupangusa, tulisuuza kwa maji safi, kwa sababu sabuni ikikauka kwenye jani jua likiwaka inaliunguza. Na hapa alikuwa na desturi yake, ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alipitisha kidole kwenye jani lililosuuzwa, kisha akaweka kidole kwenye ulimi. Kama bado kulikuwa na ladha ya sabuni, alisuuza tena. Alifanya hivyo jani baada ya jani, bila kufikiri, kama mpishi anavyoonja mchuzi. Tulipomaliza aliketi kwenye mkeka, akanifuta jasho kwa ncha ya kitenge chake, akaniuliza kwa nini nimekonda. Jua lilipofika kwenye baraza alikuwa amekwisha kuondoka. Aliniuliza kwa upole kama mashine yangu haijaharibika.

Lakini kesho yake, nilipogeuza jani na kumwonyesha mdudu, alirudi. Na kesho kutwa. Wadudu wale hawaishi kwa kupanguswa mara moja, mayai yanabaki kwenye mikunjo, na kazi inarudiwa kabla jua halijawa kali. Ikawa ndiyo saa yetu. Siku nzima nilikuwa mama ya mashine, na saa ile moja ya asubuhi nilikuwa mtoto wa mtu. Nilipewa habari za baba yangu ambazo sikuwahi kuzisikia. Niligombezwa kwa ajili ya vyombo nilivyovunja nikiwa mdogo. Siku moja aliimba, na mimi nikaitikia, mswaki mkononi, huku nikikwangua mayai ya wadudu kwenye mzizi.

Kwa hiyo niliwapenda wadudu wale. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Sikuwaleta, wala sikuwafuga, mama angeniua. Lakini kila asubuhi nilipogeuza jani la kwanza moyo ulinipiga, si kwa kuogopa kuwakuta, bali kwa kuogopa kutowakuta. Watu wengine wanaomba mvua. Mimi niliomba Mungu asiwamalize wadudu wa maua ya mama yangu. Walikuwa wanapungua, hilo niliona, kwa maana kazi ya mama ilikuwa nzuri. Lakini walipungua polepole, na polepole ilinitosha.

Kaka yangu anafanya biashara kule Misisi, anawauzia wachimba dhahabu betri, tochi na mafuta ya pikipiki. Ni mkubwa wangu, mtu wa mwili, wa kelele, na moyo laini kama ndizi iliyoiva. Alikuja kumwona mama, pikipiki na yeye vyote vikiwa na rangi moja ya vumbi. Mama alimpokea kwenye lango akamwambia karibu mgeni, watu wa safari wanachoka. Alimpa maji ya kunawa. Kaka alinawa, akanywa, akajibu maswali ya safari kama mgeni mzuri, kisha akaenda nyuma ya jikoni akasimama akiuelekea ukuta. Nilimwacha. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama kwenye ukuta ule mara nyingi.

Nilimweleza juu ya saa ya asubuhi. Hakuamini, kisha akaamini sana. Kesho yake aliamka mapema kuliko sisi, akavaa shati safi, akachuchumaa pale chini ya avoka na kitambaa chake kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Lakini mikono ya kaka ni mikono ya kuinua pipa. Alivunja kishina kilichokuwa na maua yanayotaka kufunguka. Mama alimwangalia.

“We baba, hii kazi si yako. Rudia kwa pikipiki yako.”

Aliniambia mimi, mutoto wangu ya mwisho, nimwondoe huyu muntu kabla hajamaliza maua. Kaka akajiondoa mwenyewe. Siku nzima aliosha pikipiki yake. Jioni alinifuata jikoni.

“Mama anachoka,” alisema. “Anachuchumaa pale, mikono mu maji ya baridi, kila siku. Juu ya badudu! Nilimuona anashika mugongo.”

“Yaya,” nilimwambia, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, “muache. Ile ndiyo inamurudisha.”

“Badudu ndiyo inamurudisha? Ni maua ndiyo anapenda. Maua ikipona, atafurahi, atakaa kwa mukeka wake anaangalia tu.”

Sikujibu vizuri. Nilikuwa na sufuria motoni na nilidhani yamekwisha. Yeye alitaka tu kumfanyia mama yake kitu, kitu kimoja, na mikono yake mikubwa. Alikwenda Lulimba kwa shughuli zake na kurudi, nami sikuuliza amebeba nini.

Jumapili mimi na mama tulikwenda kanisani. Mama alikuwa anazijua nyimbo zote, nyimbo, pamoja na maua, ndizo zilizokuwa hazijamtoka. Kaka alisema amechoka, atabaki. Tuliporudi, harufu ilitupokea kabla ya lango. Kaka alikuwa amesimama chini ya avoka, shati limelowa kwa jasho, bomba la kupulizia mgongoni, anatabasamu kwa uso mzima.

“Nimemaliza yote,” alisema. “Hata moja haitabakia.”

Mama alikwenda moja kwa moja kwenye mti, na nguo zake za kanisa. Majani yalikuwa yamelowa, yanang'aa. Alipitisha kidole kwenye jani. Kisha akapeleka kidole kwenye ulimi.

Kaka aliiona, nami niliona kwamba ameiona. Alikuwa amekulia kwenye nyumba ile. Ulimi wake ulikuwa umegusa sabuni nyingi kuliko wangu, yeye ndiye mkubwa. Alikuwa ameisahau desturi ya mama yake kwa sababu tu alikuwa mzima, ana haraka, na Misisi ni mbali.

Nilipiga kelele. Nilimkamata mama mkono, nikamvuta, nikamsuuza mdomo na vidole kwa maji ya mtungi, nikamwambia tema, tema, na nilikuwa namwambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake. Maji yalimlowesha kifuani. Alianza kulia kama mtoto aliyepigwa bila kujua kosa.

“Nimefanya nini? Mama, nimefanya nini?”

Aliniita mama, mimi. Tulimpakia kwenye pikipiki katikati yetu, kaka akabeba na chupa ya dawa ili madaktari wajue ni kitu gani, tukaenda hospitali. Muuguzi alisoma chupa, akamsafisha tena, akamlaza wakamwangalia mpaka jioni. Ilikuwa ni kidogo tu, ncha ya kidole. Alitapika mara moja, kisha akalala, kisha akaomba chakula. Tulirudishiwa mama yetu akiwa mzima, na amri kwamba asiguse mimea ile mpaka mvua ziioshe vya kutosha, na kila mboga iliyokuwa chini yake ing'olewe.

Tuling'oa lengalenga zote, tukazifukia mbali. Tukawafungia kuku. Chini ya mti tulikuta nyuki, na buibui waliojikunja, na mjusi amelala chali kando ya ukuta. Matusi yalikuwa tayari mdomoni mwangu, yamepangwa vizuri, maana katika hilo nina kipaji. Kaka alichuchumaa akaanza kuokota nyuki mmoja mmoja na kuwaweka kwenye kiganja. Machozi yalikuwa yanamshuka na hayafuti. Nikayameza matusi yangu yote. Mpaka leo sijui niyapeleke wapi.

Mvua zilikuja, zikaosha. Tuliruhusiwa kurudi kwenye mimea. Na mimea, naomba mtu anielewe, ilikuwa mizuri ajabu. Majani safi, ya kijani kibichi, hakuna utelezi, hakuna masizi. Ilitoa hata maua, yale meupe yenye mkia, mengi kuliko mwaka wowote. Niliandaa beseni, sabuni, kitambaa, mswaki. Nilimshika mama mkono asubuhi, tukachuchumaa pale pale. Aligeuza jani la kwanza. Akageuza la pili. Vidole vyake vilitafuta kwenye kona, kwenye mikunjo, chini ya maganda, na havikukuta kitu.

“Iko safi,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Sasa tunafanya nini hapa?”

Akainuka, akajipangusa magoti, akaniambia pole mama ya mashine, kazi yako inakungoja. Nilijaribu tena kesho yake na siku zilizofuata. Nilimpeleka kwenye mihogo ya jirani iliyokuwa na wadudu kama wale, akaitazama kama anavyotazama ukuta. Nilimwimbia ule wimbo, akaniambia nina sauti nzuri, niimbie kwaya. Kaka alipiga simu kutoka Misisi. Kwanza aliuliza maua.

“Maua iko mazima,” nilimjibu.

“Na mama?”

“Iko muzima.”

Nilisikiliza pikipiki zikipita kule kwake mpaka salio lake likaisha.

Mama alikuwa amesema, tena zaidi ya mara moja, kwamba ukipulizia dawa wadudu wabaya ndio wanaorudi wa kwanza, na wale wanaowala wanachelewa. Ni kweli. Asubuhi moja nilikuwa natundika nguo, nikaona kwenye kona ya jani kitone cheupe. Niligeuza jani. Chini palikuwa na unga. Niligeuza jingine, unga. Na sisimizi wawili kwenye shina, wanapanda. Nilicheka peke yangu pale uwanjani, nguo ya mteja mkononi, mtu angepita angesema na huyu naye ameanza.

Sikufanya haraka. Nilichagua sabuni iliyokauka kuliko zote, nikaigusa mwenyewe kwa ulimi, haikuniuma. Niliyeyusha kidogo mpaka maji yakawa na ukungu. Nilichana kitambaa kipya kwenye mabaki yangu, kile cha maua ya bluu alichokuwa anakipenda. Kisha nikamwendea mama kwenye mkeka, nikamwinua, nikamleta polepole mpaka chini ya avoka, nikashika jani kwa vidole viwili, nikaligeuza, nikangoja.

Alitazama kwa muda mrefu. Aliinama karibu kabisa, akaweka kiganja juu ya macho kukinga mwanga. Kisha akaniwekea mkono begani, kwa huruma, kama mtu anayemfariji jirani aliyepata hasara.

“Pole sana, mama ya mashine,” alisema. “Hii kazi, mi siyui. Lakini iko mama moja hapa Baraka anauzaka samaki, yeye anajua hii badudu sana. Umutafute. Uulize mutoto wake ya mwisho, atakupeleka kwake.”

Nilimwambia asante.